Mwenye Duka Naye Ana Ghala Lake

Juma hili mazungumzo yetu ni ya mwenye duka dogo. Nimemchagua mwenye duka wa Nachingwea na wa Ruangwa, mkoani Lindi, kwa sababu shida yake ni shida ya wenye maduka wote, ila kwake inaonekana wazi zaidi. Mwaka wake una miezi 12 kama mwaka wa mtu mwingine yeyote, lakini fedha humjia kwa misimu miwili. Kuna msimu wa ufuta, unaouzwa katikati ya mwaka, na kuna msimu wa korosho, ambao minada yake hufunguliwa kwenye mwezi Oktoba na kuendelea kuelekea mwisho wa mwaka. Baina ya misimu hiyo watu hawaachi kula, hawaachi kuugua, wala watoto hawaachi kuhitaji madaftari ya shule. Basi huenda dukani na kusema neno moja: "Niandikie."

Mwenye duka huitikia kwa kichwa, akapima sukari, akafunga sabuni, na mteja akaenda zake. Swali langu la juma hili ni hili: je, ameandika kweli? Na kama ameandika, ameandika nini, na kwa namna gani?

Wengi wetu tukisikia habari za sheria ya biashara hufikiria leseni iliyotundikwa ukutani na ofisa wa kodi anayeingia mlangoni. Hayo yamo, nami nitayafikia. Lakini kwa maoni yangu, kinachomwangusha mfanyabiashara mdogo mara nyingi si ukali wa sheria. Ni kukosa karatasi siku sheria inapomuuliza. Anaulizwa nani anadaiwa, hana pa kuonyesha. Anaulizwa ameuza kiasi gani, anakisia. Anaulizwa alikubali nini alipokopa, hakumbuki. Nataka tuyapitie maswali hayo matatu, moja baada ya jingine. Kabla ya hapo, hebu tutazame jambo ambalo watu wa Nachingwea na Ruangwa wanalijua kuliko sisi wa mijini.

KARATASI YA GHALANI

Mwaka 2005 Bunge lilitunga Sheria ya Stakabadhi za Ghala. Katika msimu wa 2007/2008 mfumo huo ulianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara, kisha ukaenea hadi Lindi, na baadaye ukaingia katika mazao mengine kama ufuta. Mkulima hupeleka korosho zake katika chama cha msingi, zinapimwa kwa mizani, anapewa stakabadhi. Mzigo huenda katika ghala kuu. Wanunuzi hushindana kwa bei katika mnada, wakulima wakasikilizishwa bei hizo na kukubali au kukataa. Fedha hulipwa kupitia benki. Kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, chama kikuu cha ushirika kinaitwa RUNALI, jina lililounganishwa kutokana na majina ya wilaya hizo tatu.

Sasa angalia kitu kimoja. Korosho zimelala ghalani, gizani, hazionekani. Kinachotembea ni karatasi. Kwa mujibu wa sheria ile, stakabadhi ya ghala ina sehemu mbili: hati ya umiliki, inayoonyesha mali ni ya nani, na hati ya dhamana, inayoweza kuwekwa kwa mkopeshaji ili mwenye mali apate fedha kabla mzigo haujauzwa. Maana yake ni kwamba karatasi ile imekubaliwa na sheria isimame mahali pa magunia. Mkulima ambaye hakupata kusoma hata darasa moja anaifunga katika kitambaa na kuiweka chini ya sanduku, kwa sababu anajua ikipotea patakuwa na kazi kubwa.

Mwenye duka yuko mtaa huo huo. Yeye naye ana mali iliyolala asikoiona: sukari iliyokwisha kunyweka, sabuni iliyokwisha kufuliwa, mafuta yaliyokwisha kuliwa. Vyote hivyo vimegeuka kuwa madeni yaliyotawanyika vijijini. Tuseme ana wateja 40, na kila mmoja anadaiwa shilingi 25,000. Hiyo ni shilingi 1,000,000 iliyoko nje ya duka. Huenda ni nyingi kuliko bidhaa zote alizobakiwa nazo rafuni. Mkulima ana stakabadhi ya mali yake. Mwenye duka ana nini? Wengi wana kumbukumbu ya kichwa, na kichwa hakipokelewi benki.

SWALI LA KWANZA: NANI ANADAIWA?

Sheria yetu ya mikataba haisemi kwamba mapatano ya mdomo ni bure. Mtu akichukua unga kwa ahadi ya kulipa, hayo ni mapatano, na anawajibika. Taabu inaanza anapokana. Mahakamani anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Daftari uliloandika peke yako, kwa mkono wako, bila mteja kuona wala kutia sahihi, litasaidia, lakini mteja anaweza kusema umejiandikia usiku nyumbani kwako. Neno lako dhidi ya neno lake.

Kwa hiyo deni liandikwe hivi. Tarehe kamili. Jina la mteja na kijiji chake. Bidhaa na bei. Jumla kwa tarakimu na kwa maneno, ili sifuri isiongezwe. Tarehe ya kulipa. Kisha sahihi ya mteja, au dole gumba kwa asiyejua kuandika. Kwa deni kubwa, awepo shahidi asiye ndugu yako. Mteja akilipa sehemu, andika alicholipa na kilichobaki, naye atie sahihi tena. Sahihi hiyo ya pili ina faida ambayo watu wengi hawaijui. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka 6 ya kufungua madai yatokanayo na mkataba. Mdaiwa akilikiri deni kwa maandishi na kutia sahihi kabla muda haujaisha, hesabu ya muda inaanza upya siku ile aliyokiri.

Wapo watakaosema: "Nitamwambiaje mjomba wangu atie sahihi kwa kilo mbili za sukari? Ataona namdharau." Naelewa. Katika miji midogo duka ni la ukoo na ni la jirani, na mtu anayekudai leo ndiye atakayekuchimbia kaburi kesho. Lakini mjomba huyo huyo akipeleka korosho chama cha msingi, anadai karatasi yake, wala hakuna anayesema amemdharau karani. Daftari likiwa ni la watu wote, halimtuhumu mtu. Linakuwa ni utaratibu wa duka. Ugomvi wa ukoo mara nyingi hauletwi na kuandika. Unaletwa na watu wawili wanaokumbuka namba mbili.

Hapa kuna onyo moja ambalo ni la kusini hasa. Andika deni kwa shilingi. Usiandike kwa kilo za korosho. Mwenye duka anayesema "chukua unga, msimu ukifika utanipa kilo 20 za korosho" hajaweka deni. Amenunua korosho nje ya chama, na aghalabu kwa bei ya kumpunja mwenye shamba mwenye njaa. Biashara hiyo huko wanaiita kangomba, nayo imepigwa marufuku. Mwenye duka anaweza kudhani amejilinda, kumbe ameandika ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Tukumbuke msimu wa 2018. Bei za wanunuzi zilikataliwa, na mwezi Novemba mwaka huo Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likaingia kusomba mizigo. Malipo yalitanguliwa na uhakiki, wakulima wakatakiwa kuthibitisha mashamba yao, na shabaha mojawapo ilikuwa ni kuwabaini wa kangomba. Wakulima wengi walikaa miezi wakisubiri fedha. Mkulima asipolipwa, duka halilipwi. Duka lisipolipwa, muuzaji wa jumla wa Masasi, Lindi au Kariakoo halipwi. Mnyororo ni mmoja. Kwa hiyo wewe msomaji wa Dar es Salaam unayepakia bidhaa kwenda kusini, usidhani mazungumzo haya hayakuhusu.

Karatasi isingeharakisha malipo ya msimu ule hata kwa siku moja. Lakini katika wakati kama ule kuna tofauti kubwa kati ya mwenye duka anayemwendea muuzaji wa jumla na kusema "watu hawajanilipa", na yule anayefungua daftari akasema: "Nadai shilingi 1,000,000 kwa watu 40, hawa hapa, sahihi zao hizi, nipe muda hadi walipwe." Wa kwanza anaomba huruma. Wa pili anaonyesha mali yake.

Na ikifika mahali deni halilipwi kabisa, Mahakama ya Mwanzo iko kwa ajili ya madai madogo ya namna hii. Lugha yake ni Kiswahili, na mtu anaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Unachotakiwa kwenda nacho ni karatasi na shahidi. Mara nyingi mdaiwa akijua unavyo vyote viwili, shauri linaishia barazani.

SWALI LA PILI: UMEUZA KIASI GANI?

Tuje kwenye kodi. Nimesikia ushauri mbaya ukitolewa vibarazani, eti ukiandika mauzo yako unamrahisishia mtu wa kodi kukukamua. Hesabu zinasema kinyume chake.

Kwa mfanyabiashara mdogo ambaye ni mtu binafsi, sheria ya kodi ya mapato imeweka utaratibu wa kulipa kwa kufuata mauzo ya mwaka badala ya kutakiwa kuleta hesabu zilizokaguliwa. Viwango vilivyowekwa mwaka 2019 vilikuwa hivi. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hakutozwa kodi hiyo. Aliyezidi milioni 4 hadi milioni 7, kama hana kumbukumbu za mauzo, alilipa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile tu kilichozidi milioni 4. Aliyezidi milioni 7 hadi milioni 11, bila kumbukumbu alilipa shilingi 250,000. Mwenye kumbukumbu alilipa shilingi 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7.

Chukua kalamu tupige hesabu. Duka limeuza milioni 5 kwa mwaka. Bila daftari, kodi ni 100,000. Lenye daftari linalipa asilimia 3 ya milioni 1, yaani 30,000. Duka jingine limeuza milioni 8. Bila daftari, 250,000. Lenye daftari, 90,000 na 30,000 juu yake, jumla 120,000. Tofauti ni shilingi 70,000 kwa duka la kwanza na 130,000 kwa la pili. Nani basi aliyekamuliwa? Ni yule aliyeficha mauzo yake hata yeye mwenyewe asiyajue. Wahenga wetu wa madukani walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Viwango huweza kubadilishwa na Bunge wakati wa bajeti, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo kila Julai nenda ofisi ya Mamlaka ya Mapato ukaulize viwango vya mwaka huo, usimwulize jirani. Namba ya mlipakodi hutolewa bure, wala usikubali kuiuziwa na mtu yeyote mlangoni. Kodi hii hulipwa kwa awamu nne katika mwaka. Mtu wa Nachingwea apange mapema, maana awamu ya mwezi Machi humkuta katika kipindi ambacho hakuna ufuta wala korosho. Atenge fedha hiyo Desemba, wakati droo imejaa, na aiweke mahali ambapo mkono haufiki kirahisi.

Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakutaka uhifadhi kumbukumbu kwa miaka 5. Sheria hiyo hiyo inakupa haki. Ukikadiriwa kodi usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi, na unatakiwa ulipe kwanza ile sehemu usiyoibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kwa kuangalia ipi ni kubwa. Lakini utapinga kwa kitu gani kama huna daftari? Mtu asiye na maandishi hupinga kwa kulalamika, na malalamiko hayana tarakimu.

Nikiwa hapa niseme neno kuhusu leseni na jina. Leseni ya biashara ndogo hutolewa na halmashauri ya wilaya, na yapasa iwekwe mahali inapoonekana. Ukifanya biashara kwa jina lako mwenyewe kamili, huna haja ya kusajili jina la biashara. Ukibuni jina jingine, unalisajili BRELA. Lakini tusidanganyane: jina la biashara si ngao. Duka lililosajiliwa kwa jina zuri bado ni wewe. Deni la duka ni deni lako, na shamba lako la mikorosho linaweza kufuatwa kwa deni hilo. Kampuni ndiyo ambayo kisheria ni mtu wa pekee, mwenye madeni yake mwenyewe, nayo ina gharama na taratibu nyingi zaidi. Hata huko, mkurugenzi akitia sahihi kuidhamini kampuni yake kwa mali yake mwenyewe, ngao ameivua kwa mkono wake.

FAIDA SI FEDHA ILIYOMO DROONI

Ardhi ya Nachingwea iliwahi kuona hesabu mbaya kupita zote. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kuchukua karanga ambazo hazikupatikana. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, hasara ikiwa ni zaidi ya pauni milioni 30, na katika miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Wakubwa wale walikuwa na wataalamu na makarani tele. Walichokosea ni kuhesabu mavuno kabla ya kuhesabu gharama.

Mwenye duka hufanya kosa hilo kila siku, kwa kiasi chake. Tuseme amenunua mfuko wa sukari wa kilo 50 kwa shilingi 130,000, akalipa nauli ya mzigo 5,000. Umemgharimu 135,000. Anauza kilo kwa 3,000. Akiona 150,000 droo imenona, na mkono unaingia. Lakini faida ni 15,000 tu. Kilo moja imepungua katika mizani na kumwagika: ondoa 3,000. Kilo mbili zimekwenda jikoni kwake: ondoa 6,000. Zimebaki 6,000. Na kama nusu ya mfuko imekopeshwa tangu Februari ikingoja korosho, fedha hiyo imelala miezi minane bila kuzaa, na huenda mwenyewe alikopa kwa riba ili kuijaza nafasi yake.

Sisemi asinywe chai nyumbani kwake. Nasema chai hiyo iandikwe. Mwenye duka ajipangie posho ya mwezi, achukue hiyo, na kila kitu anachopeleka jikoni akiandike kama mteja mwingine. Mwisho wa mwezi atajua kama duka linamlisha yeye au yeye analilisha duka.

SWALI LA TATU: ULIKUBALI NINI ULIPOKOPA?

Duka likikauka kabla ya msimu, mwenye duka hutafuta mkopo. Hapo ndipo karatasi inapogeuka. Mahali pengine unaumia kwa kukosa karatasi. Hapa unaumia kwa kutia sahihi karatasi usiyoisoma.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewapanga watoa huduma hizo katika madaraja manne. La kwanza ni benki ndogo zinazopokea amana. La pili ni makampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana. La tatu ni vyama vya akiba na mikopo. La nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA, ambavyo husajiliwa katika halmashauri. Mkopeshaji wa daraja la pili hapana budi awe na leseni ya Benki Kuu. Basi kabla ya kuuliza riba, uliza leseni. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kukujibu.

Watu wa mitaani wameipa mikopo ya haraka ya wasio na leseni jina la kausha damu, na jina limefaa. Ukilazimika kukopa popote pale, shika mambo haya. Soma mkataba wote, au usomewe na mtu asiyelipwa na mkopeshaji. Uliza jumla utakayorudisha kwa shilingi; usiridhike na asilimia, maana asilimia 10 kwa mwezi na asilimia 10 kwa mwaka hutamkwa kwa mdomo mmoja. Tarehe za marejesho zilingane na misimu yako. Mkopo unaotaka rejesho kila juma katika mwezi wa Machi haukutengenezwa kwa ajili ya mtu wa Ruangwa. Usimkabidhi mtu kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri. Na usiondoke bila nakala ya mkataba.

Kuhusu nyumba, sheria inasema wazi. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Hayo yamo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Bwana anayekwenda kimya kimya na hati ya nyumba anavunja haki ya mkewe, na vivyo hivyo mke kwa mumewe. Tena, wewe unayeombwa "njoo unidhamini tu", jua kwamba neno "tu" halimo katika sheria. Mdhamini anawajibika sawa na mkopaji mwenyewe, isipokuwa mkataba umesema vinginevyo.

Kuna mlango mwingine wa kugonga kabla ya kausha damu. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Sehemu ya mapato ya Nachingwea na Ruangwa ni ushuru wa mazao yale yale ya korosho na ufuta, kwa hiyo fedha hizo ni jasho la huko huko. Kwa kawaida kikundi hutakiwa kiwe kimesajiliwa, kina akaunti ya benki na kinaonyesha shughuli yake. Kwa maneno mengine, tumerudi kwenye karatasi.

Mambo yanabadilika huko kusini. Ruangwa kuna machimbo, na mgodi wa madini ya kinywe umeanzishwa huko. Wageni wanahitaji mboga, mchele, mayai na vipuri. Kampuni kubwa hainunui kwa "niandikie". Hutaka risiti, namba ya mlipakodi na ankara. Itakuwa ni huzuni iwapo mayai ya Ruangwa yatauzwa Ruangwa na mtu wa kutoka mbali, kwa sababu tu wa pale hakuwa na kitabu cha risiti.

Basi ndugu yangu mwenye duka, kazi ya juma hili ni nyepesi. Nunua kaunta buku mbili. Moja iwe ya mauzo na matumizi ya kila siku, pamoja na yale ya jikoni. Ya pili iwe ya madeni, yenye nafasi ya sahihi. Tafuta faili moja la risiti, leseni na mikataba, uliweke mbali na mchwa na mvua. Kisha keti na wateja wako wa zamani mmoja mmoja, kwa upole, mkubaliane deni ni kiasi gani, na kila mmoja atie sahihi kabla mnada wa kwanza haujafunguliwa. Wapo watakaobisha namba. Afadhali wabishe sasa, mkiwa mmekaa kwenye mkeka, kuliko siku fedha ya korosho imeingia na kila mtu ana haraka ya kuitumia.

Hadi juma lijalo, nawatakia biashara njema.